Tupeane uzoefu: kuhamisha mafaili kutoka kompyuta ya nyumbani kwenda laptopu kuukuu

Mkazi wa Shangani
Habari za jioni ndugu zangu wa Kusini. Kompyuta yangu ya mezani imeanza kujizima. Leo nimeifungua nikakuta skrubu na tundu za nyuma zimeliwa na kutu. Nyumba iko karibu na bahari, upepo wa chumvi hauna huruma. Ndani kuna gigabaiti 180: picha za harusi, vyeti vya watoto, mahesabu ya duka tangu 2013. Laptopu niliyonayo ni ya zamani kuliko hiyo kompyuta, ina Windows 7, ila betri inashika saa moja na nusu. Waliowahi kuhama namna hii mlifanyaje? Jana nimeanza kwa flashi, video moja imegoma katakata wakati flashi ina nafasi tele.

Karani wa Tandahimba
Hiyo video inazidi gigabaiti 4. Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja la ukubwa huo hata flashi iwe tupu. Ifomati kwa mpangilio wa NTFS, itapita.

Umenikumbusha msimu mmoja wa korosho. Nilihamisha daftari la chama chetu cha msingi, kilo za kila mkulima, kutoka kompyuta ya nyumbani kwenda laptopu ya ghalani. Nikakopi vizuri, nikahesabu mafaili, yote yapo. Asubuhi ghalani hakuna hata moja linalofunguka! Nyumbani nilikuwa nahifadhi kwa Excel mpya, ile laptopu ilikuwa na Office ya 2003, mtindo mpya wa xlsx haiujui. Wazee wamekaa juu ya magunia wananitazama, mmoja ananiuliza, "Mwanangu, kilo zangu zimepotea?" Niliumia sana siku ile. Nikachukua bodaboda mpaka nyumbani, nikahifadhi faili moja moja kwa mtindo wa zamani wa xls, nikarudi jua limeshakuwa kali. Tangu hapo, kabla ya kuhamisha chochote, nafungua kwanza faili moja la kila aina kwenye mashine ninayohamia.

Mwalimu wa Newala
Kweli kabisa. Mimi ilikuwa mitihani ya muhula, na wanafunzi wameshakaa.

Fundi wa Nachingwea
Mkuu, achana na flashi. Chomoa diski inayohifadhi mafaili (hard disk) kwenye kompyuta, tafuta waya wa kuigeuza iwe ya USB, chomeka kwenye laptopu. Mashine inayojizima huiwashi kabisa. Laptopu ya umri huo ina USB 2.0, kwa kawaida inasukuma megabaiti kama 30 kwa sekunde. Gigabaiti 180 ni saa moja na dakika arobaini hivi, zaidi kama ni picha ndogo ndogo nyingi.

Mdau wa Chikongola
Fundi, hapo unampoteza mwenzako. Diski ya kompyuta ya mezani ni ile kubwa, haili umeme wa USB, lazima iwe na adapta yake ya ukutani. Umeme ukikatika laptopu inabaki hai na diski imekufa. Betri itamsaidia nini?

Fundi wa Nachingwea
Kazi hii naifanya kila wiki. Sijasema haina adapta.

Mdau wa Chikongola
Hukusema, na mtu angenunua waya wa diski ndogo akarudi kulalamika.

Mkazi wa Mtanda, Lindi
Mbona mnajitesa? Pandisha vyote kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha shusha kwenye laptopu.

Karani wa Tandahimba
Gigabaiti 180 kwa bando la simu, ndugu yangu? Kupandisha na kushusha? Halafu Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, si tulikaa siku kadhaa hata ujumbe hauendi?

Binti wa Mikindani
Nimesoma hapo juu "imegoma katakata" nikashindwa kunyamaza.

Mwaka 2016 nilimrekodi mjomba wangu, kaka yake mama, kwenye kompyuta yetu ya nyumbani. Rekodi saba, kwa Kimakonde, zingine za saa nzima. Alisimulia ukoo wa upande wa mama, walivyotoka ng'ambo ya Ruvuma, nani alimzaa nani, nani alizikwa wapi. Sikuwa na nakala nyingine popote. Mjomba alifariki 2021.

Msiba ulipoisha nikataka zikae kwenye laptopu yangu ya zamani ili mama azisikilize kitandani. Badala ya kukopi, nikafanya kukata na kubandika kwenye flashi, kwa sababu niliona ni njia ya haraka. Ule mstari wa kijani ndiyo kwanza umefika mwisho, umeme ukakatika. Uliporudi, flashi ikaniambia haisomeki, inataka kufomatiwa. Nikaipeleka stesheneri, kijana akabonyeza ndiyo kabla sijamaliza kueleza. Nikarudi mbio kwenye kompyuta: folda tupu.

Kosa nililoongeza mimi ni hili. Kwa siku mbili niliendelea kuitumia ile kompyuta, naandika barua, naweka picha, kumbe kila ninachohifadhi kinaweza kukalia nafasi ya sauti ya mjomba. Aliyenisaidia ni jirani anayesoma chuo. Alinizuia nisiiwashe tena, akachomoa diski, akaifunga kwenye mashine yake na kuipitisha programu ya bure inaitwa PhotoRec. Inarudisha mafaili bila majina, namba tupu. Mamia ya sauti: miito ya simu, mawaidha, vipande vya nyimbo. Nilikaa usiku mbili nikisikiliza moja moja. Usiku wa pili, kama saa nane, nikamsikia anakohoa kabla ya kuanza kusimulia. Nililia mpaka mama akaamka.

Zimepatikana nne nzima, na kipande cha ya tano.

Mwalimu wa Newala
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Fundi wa Nachingwea
Pole dada. Huyo jirani alifanya sawasawa. Kukata na kubandika hufuta faili la asili kila linapohesabiwa limefika, ila kwenye flashi data huweza kuwa bado iko njiani. Umeme ukikatika hapo, pote patupu. Mkuu wa Shangani, kopi tu, usikate! Na Windows 7 ina robocopy, amri ya kukopi inayoandikwa kwenye dirisha la Command Prompt: andika robocopy, folda ya mwanzo, folda ya mwisho, halafu /E (na folda za ndani) /Z (iendelee ilipokatika). Ikikatika unarudia amri ileile, yaliyokwishafika inayaruka.

Mdau wa Chikongola
Hapo nakubaliana na fundi.

Mstaafu wa Mtama
Binti yangu, mjomba alikuwa wa ukoo gani? Bibi yangu naye alikuwa akisimulia safari ya Ruvuma. Na hicho kipande cha tano kimeishia wapi?

Binti wa Mikindani
Shikamoo babu. Ukoo nitakwambia pembeni. Kipande kinaishia wamefika mtoni usiku, maji yamejaa, mtumbwi ni mmoja. Anasema, "basi bibi yenu akawaambia", pale pale sauti inakwisha. Mama anasema naye hakuwahi kusikia kilichofuata.

Mstaafu wa Mtama
Marahaba. Nitamuuliza dada yangu wa Nanyumbu, yeye ndiye aliyebaki na hayo. Nipe mpaka Jumapili.

Mkazi wa Shangani
Nimeazima waya wenye adapta yake. Video na picha zote zimefika, robocopy sasa iko kwenye mahesabu ya duka ya 2017. Umeme upo. Binti wa Mikindani, naenda Mikindani Jumamosi, nina diski ya nje ambayo siitumii. Nitakuletea uweke nakala ya pili.