Maswali ya kuchagua ya historia ya Marekani na Ulaya mnasomaje?

Kadogo_Umoja: Wadau niaje. Niko na AP, ile mitihani ya Marekani ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, mwezi wa tano, historia ya Marekani na ya Ulaya zote mbili, na mimi nimezoea mambo ya KCSE, taja sababu nne, unaandika mpaka mkono unauma. Hii ni maswali 55 kwa dakika 55, ABCD, na ni 40% ya maksi. Nakremu tarehe kila usiku lakini nikifanya mazoezi nabaki na majibu mawili yote naona yako sawa. Shida iko wapi jameni?

mzee_wa_jogoo_road: Mdogo wangu, hao hawakuulizi kesi ya Dred Scott, yule mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, ilikuwa lini, wanakupea kipande cha maandishi halafu wanauliza nini kilimfanya mtu aseme hivyo. Chukua hotuba ya Frederick Douglass, mpinga utumwa aliyewahi kuwa mtumwa, ya Julai 1852, pale Rochester. Swali ni sheria gani ilikuwa imewachemsha wapinga utumwa, na umewekewa ya 1850 ya kurudisha watumwa waliotoroka, Kansas-Nebraska ya 1854, Dred Scott 1857, marekebisho ya 13 ya 1865. Sasa mtu wa 1852 atakasirikiaje kesi ya 1857? Tatu zimejitoa zenyewe. Zote zilitokea kweli, ndio maana zinakuchanganya. Angalia mwaka ulioandikwa na nukuu kabla hujasoma kitu kingine.

Wambo_K: Swali kwanza, halafu mwaka, halafu nukuu, juu hiyo dakika moja haitoshi kurudia kusoma. Na usiache wazi hata moja, ukikosa hukatwi maksi.

tichaa_kayole: Kwa Ulaya tarehe chache lazima ziwe kichwani, msimdanganye mtoto. 1598 Henri IV anawaruhusu Waprotestanti wa Ufaransa waabudu, 1685 Louis XIV anafuta, na watu huchanganya hao wafalme ajabu. Katikati weka 1648, amani ya Westphalia iliyomaliza Vita vya Miaka Thelathini. Halafu 1815 mkutano wa Vienna wa kupanga Ulaya baada ya Napoleon, 1848 mapinduzi kila mahali. Berlin 1884 unaijua toka shule, sasa rudi nyuma tu mpaka 1871: Bismarck wa kugawa Afrika ndiye huyo huyo aliyeunganisha Ujerumani.

Kadogo_Umoja: Eh hiyo ya Bismarck sikuwa nimeunganisha kabisa. Peipa za Ulaya mnatoa wapi, za Marekani nimepata?

Wambo_K: Ingia kwa tovuti ya College Board, wale wenye mtihani wa AP, mwongozo wa kozi ni bure na uko na maswali ya mfano.