Naomba ushauri: Mazda Roadster au Toyota MR-S kwa barabara za Mwanza?

Wakuu, habari za leo. Nimekwama kati ya gari mbili za viti viwili, zote zimetumika na zote ziko hapahapa Mwanza. Bei zinapishana laki tano tu.

Ya kwanza ni Mazda Roadster ya 2001, cc 1600, gia za mkono. Kuendesha ni raha tupu. Ila nilipopiga magoti na kubonyeza bodi chini ya mlango wa kushoto, rangi ilibonyea kama biskuti iliyolowa. Kutu.

Ya pili ni MR-S ya 2000, injini 1ZZ nyuma ya viti, bodi safi. Fundi wangu wa Buzuruga alichomoa kijiti cha oili: iko chini ya alama, na mwenye gari anaapa aliongeza wiki iliyopita! Najua 1ZZ za mwanzo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Lakini injini hiyo imo pia kwenye Wish na Allion za cc 1800, kwa hiyo spea hazisumbui. Taa ya Roadster nimeulizia maduka matatu, wote wananielekeza Dar.

Naishi Bwiru, njia ya mawe, na wikiendi navuka daraja kwenda Sengerema. (MR-S haina buti la maana, sato wa mama sijui watakaa wapi.)

Kwa waliowahi kufanya: kwenye 1ZZ, ni heri kubadilisha ringi au kufunga injini nyingine ya mtumba? Na kutu ya hapo chini ikikatwa na kuchomelewa bati jipya, inadumu au inarudi?