Tupeane uzoefu: Wenye pikapu, mnapunguzaje ukinzani wa upepo ili gari lisile mafuta?

Mwanzisha mada
Wakuu, salamu. Pikapu mjini inavumilika, ila ikishika barabara kuu mshale wa mafuta unashuka unauona. Sababu kubwa ni umbo. Kebini inakatika ghafla, nyuma yake kuna shimo la bodi, halafu mlango wa nyuma umesimama wima. Saluni nyingi za siku hizi zina kipimo cha ukinzani wa hewa (kikiwa kidogo, gari linapasua upepo kirahisi) karibu 0.30 au chini yake, wakati pikapu nyingi zinacheza kwenye 0.40, tena uso wake ni mpana zaidi.

Mimi nilianza kwa kuvua. Keria ya juu ya kebini nilikuwa naitumia mara chache sana, lakini ilikaa pale mwaka mzima. Niliishusha pamoja na ile taa ndefu ya mbele yake. Mluzi uliokuwa unasikika kebini kila nikipita 80 ukaisha siku hiyohiyo, na huo mluzi ulikuwa ni mafuta yangu yanapotelea hewani. Karibuni, kila mtu aseme alichofanya kwenye gari lake mwenyewe.

Dabo Kebini
Mimi naendesha nikiwa nimeshusha mlango wa nyuma ili upepo upite. Tulifundishwa hivyo na madereva waliotutangulia na sijawahi kuhoji.

Fundi Bodi
Mkuu Dabo Kebini, upandishe. Nieleze nilichokiona kwa macho, maana hili jambo linawasumbua wengi.

Nilikata nyuzi za sufi, kila moja urefu wa kidole, nikazibandika kwa selotepu juu ya paa la kebini, kwenye sakafu ya bodi na juu ya ukingo wa mlango wa nyuma. Mwenzangu akanifuata na gari jingine akirekodi video. Mlango ukiwa umefungwa, nyuzi za paani zililala zikielekea nyuma, kama inavyotakiwa. Za sakafuni zilielekea mbele, upande wa kebini! Upepo unaoruka paa unafika mlango wa nyuma, sehemu yake inashuka na kurudi mbele kwa chini, ndiyo maana majani makavu yakiingia bodini yanazunguka humohumo hayatoki. Hewa hiyo inayozunguka inakuwa mto, na upepo mwingine unateleza juu yake hadi nyuma ya gari. Ukishusha mlango unauvunja mto huo, upepo wa paani unatumbukia bodini, na nyuma ya gari panachafuka zaidi.

Mama Shehena
Nakubaliana na Fundi. Mimi nabeba mizigo, kwa hiyo bodi langu haliwezi kukaa tupu. Nilichojifunza ni mpangilio: kirefu kikae kimegusana na kebini na kisizidi kimo chake, vifupi vifuate, hadi mlangoni pawe chini kabisa. Kisha turubai livutwe likaze. Turubai linalopigapiga ni hasara mara mbili, linakula mafuta na linachanika kwenye kamba.

Dabo Kebini
Na vifuniko vigumu vya bodi, vile bapa, vinasaidia kweli au ni urembo?

Fundi Bodi
Vinasaidia, ila kidogo. Usitegemee tangi moja lifanye kazi ya mawili. Kinachosaidia zaidi ni kifuniko kinachoanzia usawa wa paa na kushuka taratibu hadi mlango wa nyuma. Kikishuka kwa mteremko mkali, upepo unaachana nacho katikati na faida inapotea. Nilichonga kimoja kwa plaiwudi nikakizungushia bati jepesi, nyuzi zikalala hadi mwisho. Kasoro yake ni kwamba kitu kirefu hakiingii tena bodini, kwa hiyo mtu wa mizigo asihangaike nacho.

Msafiri wa Usiku
Kwangu mimi dawa namba moja ni mguu wa kulia. Ukinzani wa hewa unakua kwa kipeo cha pili cha spidi. Ukitoka 80 hadi 110, upepo unakusukuma kwa nguvu inayokaribia mara mbili. Nikiwa na muda natembea 85 au 90, na sijaongeza kifaa chochote.

Jingine: ule ulimi wa plastiki chini ya bampa la mbele msiung'oe. Wengi wanautoa kwa sababu unakwaruza kwenye mashimo, lakini kazi yake ni kuzuia upepo usiingie kwenye vurugu za chini ya gari. Na ukinyanyua gari na kuvalisha matairi mapana, jua umefungulia upepo njia hiyohiyo.

Mama Shehena
Naongeza: kuna wanaoziba grili yote kwa ubao ili upepo usiingie. Angalieni joto la injini, hasa mkiwa na mzigo mlimani.

Mwanzisha mada
Swali langu kwa Fundi: mtu atajuaje kwamba kweli amepunguza na si upepo wa mgongoni siku hiyo?

Fundi Bodi
Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare, kisicho na magari, siku ambayo hakuna upepo. Matairi yawe na presha ileile na yawe yameshapata moto. Fika 90, weka nyutro, injini iendelee kuwaka maana breki na usukani vinaitegemea. Abiria apime sekunde hadi spidi ishuke 60. Geuza, rudia upande wa pili, chukua wastani. Ukishabadilisha kitu, pima tena palepale. Sekunde zikiongezeka, umepunguza ukinzani.

Kwa mafuta, jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, tembea safari zako za kawaida, jaza tena kwenye pampu ileile. Lita ulizoongeza gawanya kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100, utapata lita kwa kila kilomita 100. Fanya hivyo kwa matangi kadhaa kabla hujaamua kitu, na badilisha kitu kimoja kimoja. Ukivua keria na kuweka kifuniko wikiendi moja, hutajua kipi kimekusaidia.

Dabo Kebini
Mlango nimeshaupandisha. Wikiendi nabandika nyuzi, nitaleta video hapa.