Seva mbili za Active Directory hazielewani, nisaidieni wakuu

FundiUsiku: Wakuu salaam. Nina seva mbili za Active Directory (daftari la Windows la yuza na ruhusa zao), tuziite Kwanza na Pili. Yuza niliyemtengeneza Pili, Kwanza haimjui kabisa, nikimwingiza mtu kwenye grupu kompyuta hii anafungua folda, ile anakataliwa. Ping zinapita, saa ziko sawa, repadmin (amri ya kukagua) inasema replikesheni, yaani seva kunakiliana data, ni safi, makosa 0. Sijagusa kitu jamani, na bosi kanisimamia kichwani.

MzeeWaPengwini: Hamia OpenLDAP, mbadala wake wa bure, ulale. Ingawa mimi niliwahi kurudisha data kwa slapadd (amri yake ya kuingiza data) nikiwa root (yuza mkuu), mafaili yote yakawa ya root, slapd, seva yenyewe, ikagoma kuwaka, nimehangaika na logi usiku kucha kumbe dawa ni chown tu, kubadili mwenye mafaili 😂

BintiLogi: "Sijagusa kitu" ndo kauli ya kila aliyegusa. Angalia logi ya Pili, kuna tukio 2095, onyo la namba za mabadiliko kurudi nyuma?

FundiUsiku: Lipo... Haya. Ijumaa diski ya Pili ilikufa, nikaweka mpya nikarudisha imeji (nakala ya diski nzima) ya wiki tatu nyuma. Iliwaka vizuri tu! Netlogon, huduma ya kuingiza watu, ikawa imesimama, nikakuta kwenye rejistri Dsa Not Writable ina 4, nikaifuta, nikairistati, ikaanza kuandika. Hiyo si shida.

BintiLogi: Hiyo ndiyo shida yenyewe. Kila badiliko lina namba, USN. Tuseme Kwanza ameshapokea ya Pili mpaka 52,000, imeji ikairudisha Pili 40,000. Sasa inatoa 40,001 upya, Kwanza anasema hii ninayo, anairuka kimya kimya. Ile 4 ilikuwa kufuli, ukaing'oa.

FundiUsiku: Si nisubiri tu namba zivuke 52,000? Zitapatana zenyewe, nishamwambia bosi wiki moja.

BintiLogi: Kuvuka zitavuka, ila ya katikati hayatafika.

HaniingiiAkilini: Mnapigwa fiksi. Tangu Server 2012 kuna VM-GenerationID, alama ya mashine pepe (VM), ukirudisha snapshot (nakala yake ya nyuma) seva inajishtukia yenyewe. Huyu ana usaili kesho, mnamfanyia mtihani.

FundiUsiku: Hiyo ya VM mkuu. Pili ni mashine ya chuma, diski iliyokufa ipo hapa mezani na skrubu mbili sijui za wapi.

HaniingiiAkilini: Ah. Chuma haina hiyo kinga. Yaishe.

MchaBekapu: Vijana mnapenda njia ya mkato. Ungerudisha system state, bekapu inayoijua Active Directory, invocation ID (kitambulisho cha daftari la seva) ingebadilika na Kwanza angeelewa. Imeji si bekapu, nimesema miaka yote.

BintiLogi: Mzee, kashaumia tayari. Fundi, chomoa waya wa Pili, ishushe cheo kwa nguvu isiwe tena seva ya Active Directory, safisha metadata yake (kumbukumbu zake) kwenye Kwanza, kisha ipandishe upya. Ina FSMO, yale majukumu yanayoshikwa na seva moja tu?

FundiUsiku: RID Master tu, ile ya kugawa namba za utambulisho.

BintiLogi: Itwae kwa nguvu (seize) ukiwa Kwanza, na Pili isirudi na data hiyo ya imeji. Waliozaliwa Pili tangu Ijumaa waandike pembeni, utawatengeneza upya, SID (namba zao za utambulisho) zitakuwa mpya kwahiyo ruhusa za folda unagawa tena.

FundiUsiku: Wapo wanne. Mmoja ni bosi mwenyewe, alitaka jina jipya la kuingilia.

MzeeWaPengwini: 😂😂😂 slapadd nzuri jamani