Nimetoa betri ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) lakini paswedi ya kuwashia bado ipo, naombeni msaada

Mama_Wawili: Wakuu habari zenu. Kompyuta yangu ya mezani ilikaa stoo miaka kama sita, juzi nimeipangusa vumbi nikaiwasha, kabla hata ya nembo ya Windows inaleta kiboksi inataka paswedi. Niliiweka mwenyewe kipindi kile watoto wanaichezea na sasa imenitoka kabisa, nikikosea mara tatu inaganda mpaka niizime. Nikasikia ukitoa kile kibetri cha mviringo inafutika, nimekilaza nje usiku mzima, saa na tarehe vimepotea lakini paswedi ipo palepale!! Picha za watoto wakiwa wadogo ziko humo na sina kopi kwingine. Nifanyeje jamani

bisibisi_nyota: Pole sana dada. Picha zipo salama, hiyo paswedi inazuia mashine kuwaka tu, haigusi vilivyomo kwenye diski. Ukiona roho haitulii chomoa diski uiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB ukopi kwanza. Labda tu kama uliweka na paswedi ya diski yenyewe, hiyo inakaa ndani ya diski na inahama nayo popote.

Mzee_wa_Pini: Kutoa CR2032, yaani hicho kibetri cha mviringo, kunasaidia kwenye mazabodi ambazo paswedi inatunzwa pamoja na saa, zile zinazotegemea umeme wa betri. Yako inaonekana inaitunza kwenye chipu isiyohitaji umeme kabisa, hata ukitoa betri mwezi mzima haifutiki. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, halafu tafuta pini mbili zenye kijampa (kifuniko kidogo cha plastiki kinachoziunganisha) zimeandikwa PSWD au PASSWORD. Chomoa hicho kijampa, washa mpaka ipite, zima, chomoa umeme tena ndio ukirudishe. Usichanganye na pini za CLR CMOS, hizo ni za kufuta mipangilio mingine. Na usiguseguse pini usizozijua, tafuta kitabu cha modeli yako uone mchoro.

kijana_wa_kodi: Kwenye laptopu inakuwaje wakuu?

Mzee_wa_Pini: Laptopu nyingi ni ngumu, hazina jampa na betri haisaidii. Nenda kwa waliotengeneza na risiti inayoonyesha ni yako. Usinunue tu laptopu ya mtumba iliyofungwa hivyo, inaweza kuwa ya wizi.

Mama_Wawili: Kijampa nimekiona, kidogo cha bluu! Paswedi imeondoka ila sasa Windows ikianza inaleta skrini ya bluu sekunde moja inajizima inawaka upya, nimeogopa sana

bisibisi_nyota: Usiogope na usiinstolu upya, unaweza kufuta picha. Ulipotoa betri mipangilio ilirudi ya kiwandani, sasa njia ya kusoma diski siyo ile Windows iliyowekewa. Ukiwasha tu, ingia setapu (ukurasa wa mipangilio kabla ya Windows) kwa F2 au Delete, tafuta SATA, yaani sehemu ya diski; AHCI na IDE ndizo njia zenyewe za kuisoma, kama ni AHCI weka IDE, kama ni IDE weka AHCI, na tarehe urekebishe, kisha sevu.

Mama_Wawili: Ilikuwa AHCI, nimeweka IDE imefunguka!! Picha zote zipo, nakopi kwenye flashi mbili sasa hivi. Mungu awabariki sana.