Mwamuzi amekataa TALAQ na QADI kwa madai kwamba si Kiingereza: mashindano ya skuli yaendeshwe kwa kamusi iliyotangazwa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika skuli moja ya Wete, na ninaandika kwa hasira ambayo wiki mbili hazikuipunguza. Tulivuka kwa boti kutoka Pemba, mimi na wanafunzi wanne, kuja Unguja kushiriki mashindano baina ya skuli ya Scrabble, mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni kuunda maneno kwa alama, nauli ikiwa ni mchango wa wazee wao, na watoto hao wakarudi nyumbani wameambiwa kwamba maneno waliyoyafanyia kazi miezi mitatu si maneno ya Kiingereza.

Nieleze kwanza walichokuwa wakikisoma, maana bila ya hicho dhuluma yenyewe haionekani. Katika vipande 100 vya mchezo huu Q ni moja tu, ina alama 10, na mtoto aliyefundishwa kwamba lazima ifuatwe na U huikalia mchezo mzima akiisubiri hiyo U. Mazoea hayo ya QU yaliletwa na waandishi wa Kinormani baada ya Uingereza kutekwa mwaka 1066; kabla ya hapo hata neno la malkia likiandikwa kwa CW. Maneno yenye Q isiyofuatwa na U yaliingia kutoka lugha nyingine, na mengi yake yametoka katika Kiarabu, ambako Q husimama mahali pa herufi qaf. Kiswahili hakina Q katika alfabeti yake, lakini mtoto yeyote wa Pemba aliyekaa chuoni, yaani madrasa, mbele ya maalim anaijua qaf na anajua inatokea wapi kooni.

Kwa hiyo sikuwapa orodha ya kukariri. Niliwaambia wanitafutie maneno yetu ya kila siku yenye K ambayo kwa Kiarabu ni qaf, kisha tuangalie ni yapi yamo katika kamusi ya Kiingereza ya Collins, ambayo ndiyo inayotumika katika mashindano mengi nje ya Marekani na Kanada. Kadhi ikatupa QADI, talaka ikatupa TALAQ, kibla QIBLA, fakiri FAQIR, nikabu NIQAB. Msichana mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama soko nalo limo, tukafungua, tukalikuta SUQ, na darasa zima likapiga makofi. Katika miaka yangu ya kufundisha sijapata kuona watoto wakiifurahia kamusi kiasi kile.

Sasa sikilizeni yaliyotokea katika raundi ya tatu, meza ya nne. Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili alikuta A imekaa kwenye mstari wa juu kabisa wa ubao, akapanga T, A na L kabla yake na Q baada yake. T ilikaa kwenye kisanduku chekundu kinachozidisha neno mara 3, na Q ikakaa kwenye kisanduku cha buluu hafifu kinachozidisha herufi mara 2, yaani 20 za Q na moja moja za herufi nne nyingine, 24 mara 3, jumla alama 72. Mpinzani wake akalipinga neno, jambo ambalo ni haki yake na simlaumu hata kidogo. Mwamuzi akatoa simu, akafungua ukurasa wa kutafutia maneno, akaandika Q katika kisanduku cha maneno yanayoanza na herufi fulani, akapitisha kidole juu ya orodha, kisha akatamka kwamba TALAQ halimo. Bila shaka halimo! Neno linaloishia kwa Q litaonekanaje katika orodha ya maneno yanayoanza kwa Q? Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, nikaomba kwa adabu aliandike neno zima, au angalau atumie kisanduku cha maneno yenye herufi hiyo popote, akanijibu kwamba walimu hawaruhusiwi kuzungumza mezani.

Neno likaondolewa, mtoto akapoteza zamu, Q ikabaki mkononi mwake mpaka mwisho wa mchezo ikamkata alama 10 nyingine, naye akashindwa kwa alama 31. Fanyeni hesabu wenyewe.

Katika meza ya pili mwamuzi huyo huyo aliikataa QADI baada ya kupekua kamusi ndogo ya wanafunzi, ya kutia mfukoni, na alipoulizwa akasema kwamba hayo ni maneno ya chuoni. Kauli hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Ikiwa neno lenye asili ya Kiarabu halihesabiwi kuwa Kiingereza, basi tuondoe na SUGAR, COFFEE na COTTON, na ikiwa asili ya Kiswahili nayo ni kosa, SAFARI na BWANA yatoke pia. Katika mchezo huu neno linakubalika kwa sababu limo katika orodha iliyokubaliwa, basi. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali Kifaransa hakizungumzi.

Barua ya mwaliko ilisema tu kwamba itatumika "kamusi ya Kiingereza". Ipi? ZO na CH yamo katika Collins wala hayamo katika orodha ya Marekani, na mtoto hawezi kujiandaa kwa kamusi asiyoijua. Ninawataka waandaaji waitaje kamusi kwa jina na toleo lake kabla ya watoto kupanda boti, waweke mtu anayejua kutofautisha neno linaloanza kwa herufi na neno lenye herufi hiyo ndani au mwishoni, na waipitie upya michezo hii miwili. Karatasi za alama ninazo zote mbili, na malalamiko yangu ya maandishi yamekwishafika ofisini kwao. Mpaka leo sijajibiwa hata kwa simu.

Walimu mliokuwapo siku ile karibu na meza ya nne mkaona kwa macho yenu, nawaomba mjitokeze hapa mseme mlichokiona.