"Hatuendi kulisha bata": leo jumuiya nimedhalilishwa, na aliyenidhalilisha mnamjua

BintiMkuti:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Sijavua hata kanga niliyotoka nayo jumuiya, chai imepoa mezani na siitaki. Simtaji jina. Sina haja ya kumtaja, Masasi nzima mnamjua. Yule anayekohoa mara tatu kabla ya kusoma matangazo. Yule ambaye mkoba wake unakalia kiti na wazee wamesimama. Huyo huyo.

"Jamani, tunakwenda kumwona mgonjwa, hatuendi kulisha bata."

Ndivyo alivyosema leo saa moja asubuhi, rozari bado inaning'inia mkononi mwake, ameushika mfuko wangu wa unga kwa vidole viwili kama kaokota panya aliyekufa juzi.

Kulisha bata!

Ngoja niwaeleze. Jumuiya yetu ya Kikatoliki tunasali kila Jumamosi, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo, tunaanza alfajiri ili watu wawahi shamba. Sasa ni Kwaresma, tukakubaliana kwamba leo tukimaliza sala twende kwa bibi mmoja jirani yetu, yule wa nyuma ya msikiti, aliyeteleza na ndoo ya maji akavunjika nyonga. Mwezi wa pili huu yuko kitandani. Bibi ni Mwislamu, na wala hilo halijawahi kuwa neno mtaani kwetu. Nusu ya watoto wa jumuiya hii wamelelewa na vitumbua vyake, akiwapa hata siku ambazo mama zao hawana hela. Mwenyekiti akasema kila mtu alete alichonacho. Iko kwenye daftari la katibu: ALICHONACHO. Haikuandikwa alete alichonacho mwenye duka.

Mimi nilichonacho ni muhogo. Makopa ya kwetu Lulindi, mama yangu kayamenya kwa mkono wake, kayaanika, kayageuza, mvua ikitishia anayakimbiza ndani, jua likitoka anayarudisha nje. Jana nimetoka Njia ya Msalaba nikashika mchi, nimetwanga mpaka saa nne usiku, mwanangu wa miaka tisa anachekecha. Unga mweupe kuliko alba ya padre. Kilo nne. Nikautia kwenye mfuko mpya, nikaufunga kwa utepe.

Leo tumesali, tumesoma Mathayo 25, "nilikuwa na njaa mkanipa chakula". Na aliyesoma ni YEYE. Kasoma kwa sauti ya kutaka kulia, kafunga Biblia, kainuka kupanga vitu mezani. Sukari, sawa. Sabuni ya mche, sawa. Mchele, sembe ya pakiti, anaipapasa kama mtoto mchanga. Akafika kwangu. Vidole viwili. "Na huu wa nani?" Nikasema wangu. Ndipo akasema.

Hatuendi kulisha bata.

Watu wakacheka. Kicheko kile nadhani Tunduru wamekisikia. Halafu akausukuma chini ya benchi kwa mguu. Kwa mguu wakuu! Chakula! Biblia haijapoa hata joto la mikono yake!

Mwanangu akanivuta kanga akaniuliza, "Mama, kwani bibi ana bata?"

Sijamjibu mpaka sasa hivi.

Mzee wa Mabibo:

Nimesoma yote nikiwa nimesimama. Huyo mama namjua. Miwani yenye kamba, sivyo?

BintiMkuti:

Mimi sijataja mtu.

Mzee wa Mabibo:

Ndiye.

Mwana Nachingwea:

Subirini kwanza, huyo si yupo huku kwetu? Anakohoa mara tatu, anasoma matangazo, ana mkoba. Mwaka jana alinirudishia korosho zangu za sadaka ya mavuno mbele ya watu, eti ni daraja la pili. Nikamwuliza, mama, Mungu naye ana mnada?

Shangani Boy:

Huku Mtwara mjini yupo pia. Nadhani wanagawiwa, kila parokia mmoja.

Sauti ya Nne:

Dada pole, ila niulize kama mwanamume mwenzako wa jumuiya ingawa wewe ni mwanamke: wewe ulinyamaza? Kilo nne za unga zinasukumwa kwa mguu na wewe umeshika kitabu cha nyimbo? Mimi ningeufungua hapo hapo nikamimina mezani, tukakae wote tusubiri bata waje.

BintiMkuti:

Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa kwenye nyumba ya watu na tulikuwa tunakwenda kwa mgonjwa. Nikasema moyoni nisimharibie bibi siku yake. Nimetembea na wenzangu mpaka kwa bibi, nimeimba, nimesali, mikono mitupu. Kila mtu anakabidhi chake, mimi nimesimama mlangoni kama mgeni. Na hilo la mikono mitupu linaniuma karibu sawa na la bata. Karibu sawa. La bata linazidi.

Mlima Makonde:

Kwani mnisaidie, bata anakula unga? Mimi nimefuga. Bata nampa pumba. Unga bata simpi, unampalia kooni.

Ustadhi wa Jida:

Mlima Makonde, hilo ndilo swali ulilopata?

Mlima Makonde:

Nauliza tu. Kama mtu anatukana atukane kwa usahihi.

Mama Kanisa la Mtandi:

Mimi ni Mwanglikana, nisionekane naingilia ya Wakatoliki. Lakini jamani, tukumbuke mji huu. Askofu wetu wa Anglikana, Steere, alipofika Masasi 1876 alikuja na watu waliotolewa utumwani, watu wasio na shamba, wasio na nyumba, wasio na ndugu hapa. Misheni ilianzishwa na hao. Leo kwenye mji huo huo mtu anachagua unga wa kumpelekea mgonjwa! Dada, hili limenigusa. Wewe ulitwanga usiku. Kuna waliopitia dukani dakika mbili wakashikwa mkono kwa heshima.

Ila na sisi huku tuna letu, niwaambie ukweli. Sare za umoja wa akina mama. Mwaka huu ni kitenge cha tatu. Cha TATU. Cha kwanza kilisemwa kinapauka, cha pili kikasemwa kimevaliwa na kwaya ya mtaa wa pili. Sasa hivi mwanamke asiye na kitenge kipya anakaa nyuma, hata kama yeye ndiye aliyefagia kanisa alfajiri. Mimi nina vitenge viwili vya kanisa ambavyo siruhusiwi kuvaa kanisani.

Neema ya Pili:

Sare! Umenigusa penyewe. Kwetu Ndanda kuna dada ameacha kwaya kwa sababu ya viatu vyeusi. Sauti yake ndiyo ilikuwa inabeba soprano yote.

Sauti ya Nne:

Soprano siku hizi zinabebwa na kinanda, tusidanganyane.

BintiMkuti:

Jamani, sare mfungulie uzi wake. Huyu mtu kasema HATUENDI KULISHA BATA.

Jirani wa Msikitini:

Mimi ni Mwislamu na huyo bibi ni wetu sote, hivyo nina haki ya kuchangia. Kwanza ahsanteni kwa kumtembelea. Pili, msidhani mko peke yenu. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimekutana, na sisi tunakusanya futari ya wasiojiweza. Kuna mtu, simtaji, wa mtaa wa juu mnamjua, kaleta katoni mbili za tende. Akataka atajwe kwenye spika. Akatajwa. Akarudi kusema ametajwa jina moja tu, anataka na la baba yake. Swala imechelewa wakuu. Na mama mmoja alileta sufuria ya muhogo wa nazi, ndiyo iliyoisha ya kwanza, na hakuna aliyemtaja. Watu wamelamba mpaka mwiko.

Mzee wa Mabibo:

Muhogo wa nazi wakati wa kufuturu, acha kabisa.

Tanga Raha:

Kwetu ugali wa muhogo tunaita bada. Bada na samaki wa kukaanga. Huyo mama aje Tanga aseme bata, atarudi kwa miguu.

Bwana Shamba Mstaafu:

Naomba nisikike kidogo, maana mambo ya muhogo nimeyafanyia kazi. Sitetei tusi. Lakini hofu ya unga wa muhogo kwa mgonjwa ina historia mikoa hii. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukiumenya na kuuvunda au kuuanika polepole mpaka ukauke vizuri, sumu inapungua sana. Tatizo ni mwaka wa njaa: watu wanaharakisha, wanatwanga mbichi, wanaanika siku moja, wanapika. Wengine walipooza miguu kwa kula hivyo mfululizo bila kitoweo cha maana, ule ugonjwa unaitwa konzo, na Mtwara umewahi kutokea. Kwa hiyo swali la kumwuliza dada lilikuwa moja tu: makopa haya yalikaa juani siku ngapi? Angeuliza hivyo, ningempigia makofi.

BintiMkuti:

Wiki mbili na zaidi, mzee wangu. Na muhogo wa mama ni mtamu, ule wa kutafuna mbichi. Hakuuliza. Angeuliza ningemjibu kwa furaha, ningemweleza mpaka mwenye shamba. Alisema BATA.

Bwana Shamba Mstaafu:

Basi unga wako ni salama kuliko maneno yake. Pole mwanangu.

Mwana Nachingwea:

Mzee, hapo hapo, mbegu ya Kiroba bado inapatikana? Muhogo wangu wote umeoza mizizi kwa ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia.

Bwana Shamba Mstaafu:

Waulize Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo. Usichukue vipando kwa jirani mwenye shamba linaloumwa, hata akikupa bure.

Katibu Asiye na Mshahara:

Mimi ni katibu wa jumuiya nyingine, si hiyo. Niseme upande wa viongozi. Mnatulaumu lakini hamjui tunayoletewa. Nimeshaletewa shati lisilo na kola kumpa yatima. Nimeletewa maharage yanayotembea. Ukipokea kimya, mgonjwa anadharauliwa. Ukisema, unafunguliwa uzi. Na zaka zenyewe kadi ziko tupu, mtu ana kadi tangu Januari haina hata alama moja, ila siku ya kugawa nyama ya sikukuu yuko mstari wa mbele na beseni.

Shangani Boy:

Katibu amekuja na ya kwake moyoni.

Mama Kanisa la Mtandi:

Beseni nalo lina sare?

BintiMkuti:

Katibu, maharage yanayotembea na unga niliochekecha mara mbili unaviweka kikapu kimoja? Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokaa 1976 wakasema jumuiya ndogo ndogo ziwe ndipo Kanisa linapoishi, padre wetu mwenyewe alitufundisha kwamba maana yake jirani amjue jirani. Kumjua! Huyu mama amekaa na bibi mtaa mmoja miaka ishirini na hajui bibi anakula nini. Mimi najua. Bibi ni Mmakonde wa Newala, sembe anakula kwa adabu tu.

Sauti ya Nne:

Sasa unga uko wapi? Bado chini ya benchi?

BintiMkuti:

Saa kumi nimekwenda kuuchukua. Mwenye nyumba kanipa huku anaona haya, kaniambia yeye hakucheka. Nikampelekea bibi mwenyewe na mwanangu. Bibi kaufungua, kautia kidole, kaonja mkavu hivyo hivyo. Akaniuliza, "Huu umetwangwa au wa mashine?" Nikasema wa kinu. Akaniambia nimsongee hapo hapo. Nimemsongea, kala na mchuzi wa mbaazi akiwa ameegemea ukuta, kitu ambacho binti yake anasema hajakifanya tangu aanguke. Na yale mazungumzo ya asubuhi hayajui, sikumwambia, na mtaani kwetu mkimwambia nitawajua.

Lakini wakuu, hilo halifuti. Watu walicheka. Jumamosi ijayo sala ni nyumbani kwangu. Kwangu! Atakuja na mkoba wake nimpe kiti cha mkoba?

Neema ya Pili:

Mpe mkeka.

Tanga Raha:

Mpikie bada. Usimwambie ni nini mpaka amalize.

Mzee wa Mabibo:

Dada, hayo makopa ya Lulindi mama anauza? Huku mjini tunauziwa ya ukungu.

Shangani Boy:

Na mimi nahitaji, kilo kumi. Bei ya kwenu ni ngapi?

BintiMkuti:

Mama hauzi, ni ya kula. Uzi huu si wa biashara. Nimesema nimedhalilishwa mbele ya mwanangu.

Mzee wa Mabibo:

Pole sana. Hata kilo tano?

Mfugaji wa Migongo:

Nimechelewa, sijasoma kote. Nimeona bata wanatajwa. Ninao bata wakubwa, elfu kumi na tano mmoja, wanakula pumba na mabaki ya jikoni, hawasumbui.

Mlima Makonde:

Si nilisema pumba?

Mwana Nachingwea:

Majike au madume?